"Tumeacha Kiswahili nyumbani ili awahi Kiingereza": dhana potofu za wazazi wanaotafuta chekechea Dubai

Jumamosi iliyopita alinijia mama mmoja na mwanawe wa miaka mitatu na nusu. Wamehama kutoka Dar mwezi wa kwanza, baba amepata kazi huku, wanaishi Al Nahda, na wanatafuta chekechea ya kuanzia Septemba. Kabla sijauliza chochote akaniambia kwa fahari: "Mwalimu, sisi tumejipanga. Tangu tufike hatumsemeshi Kiswahili kabisa. Ni Kiingereza tu, hata baba yake." Mtoto alikuwa chini ya meza yangu anapanga vifuniko vya chupa. Nikainama, nikamwuliza, "Hujambo? Unaitwa nani wewe?" Akamtazama mama yake kwanza, kama anayeomba ruhusa, kisha akarudi kwenye vifuniko vyake, kimya.

Hiyo ni familia ya nne tangu Ramadhani iishe. Nimefundisha madarasa ya awali miaka 14, tisa kati yake hapa Dubai, na sasa kazi yangu ni kuwashika mkono wazazi wa kwetu waliotoka Dar, Mombasa, Unguja, Kampala, wanaokuja mji wenye mitaala zaidi ya kumi na wasijue pa kuanzia. Naandika kwa sababu nimechoka kulisema hili kwa mdomo.

"Akisikia lugha mbili atachanganyikiwa"

Hachanganyikiwi. Mtoto wa Tanga mwenye mama Msambaa na baba Mdigo anasikia lugha tatu kabla hajaota meno, na sijasikia aliyekimbizwa hospitali kwa sababu hiyo. Sasa iweje Kiswahili kigeuke sumu pale tu kinapokutana na Kiingereza?

Hofu hii ina historia, tena haikuanza kwetu. Mwaka 1923 mtafiti D. J. Saer alichapisha matokeo ya vipimo vya akili vya watoto wa Wales. Wale wa vijijini waliozungumza Kiwelisi na Kiingereza walipata alama za chini kuliko wenzao wa Kiingereza kitupu, na watu wakakimbilia kusema lugha mbili zinazubaisha. Wachache walijali kwamba kwa watoto wa mjini tofauti hiyo haikuonekana. Mwaka 1962 watafiti Elizabeth Peal na Wallace Lambert walirudia jambo hilo Montreal, Kanada, kwa watoto wa miaka kumi, safari hii wakilinganisha watoto wa familia zenye hali sawa ya maisha. Wenye lugha mbili wakawapita wa lugha moja katika vipimo vingi. Zaidi ya miaka 60 imepita, na mimi bado naletewa Wales ya 1923 mezani kwangu.

"Lakini Mwalimu, mbona anachanganya maneno?" Haya, tumsikilize vizuri. Mtoto mmoja niliyemfundisha alinijia mbio akasema, "Ticha, ball imefall." Baadaye ziliporuka ukuta zote mbili: "Ball zimefall." Tazama alichofanya. Amechukua kitenzi cha Kiingereza, akakivisha kiambishi cha ngeli, tena ile sahihi, akaweka wakati uliopita hali timilifu, kisha akageuza umoja kuwa wingi. Hajafika miaka minne. Huyo ndiye mnayesema amechanganyikiwa? Amekosa neno moja tu, akaazima la jirani, kama sisi tunavyofanya kila siku kazini.

Kosa jingine ni la kuhesabu. Mzazi anahesabu maneno ya Kiingereza peke yake, anapata 40, anaingiwa na hofu kwa sababu mtoto wa jirani Mwingereza ana mengi kuliko hayo. Hesabu lugha zote pamoja. Maneno 40 ya Kiingereza na 70 ya Kiswahili ni akiba ya mtoto mmoja, kichwa kimoja.

Halafu kuna kimya. Mtoto anayeingizwa darasa la lugha asiyoijua mara nyingi hunyamaza wiki kadhaa, wengine miezi. Anasikiliza, anaiga vitendo, anaelewa zaidi ya anavyosema. Ni hatua inayojulikana. Bahati mbaya ndicho kipindi ambacho baadhi ya walimu humwita mzazi na kumwambia, "Jaribuni kuongea Kiingereza nyumbani." Walimu wenzangu, samahani, lakini ushauri huo ni mbovu, na mzazi anaupokea kama agizo la daktari.

Maana angalia kinachotokea nyumbani. Mama mwenye Kiswahili cha kumbembeleza, kumkanya, kumtania, kumtegea kitendawili na kumweleza kwa nini mwezi unatufuata barabarani, anajibana kwenye Kiingereza cha "come here", "don't touch", "eat your food". Mtoto anapoteza mazungumzo marefu, na mazungumzo marefu ndiyo yanayojenga lugha. Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya watoto wa lugha mbili, alilieleza hili tangu 1979: uwezo unaojengwa katika lugha ya kwanza huvuka kwenda ya pili. Anayejua kusimulia kisa chenye mwanzo, katikati na mwisho kwa Kiswahili hahitaji kufundishwa upya maana ya kisa. Anahitaji maneno tu. Aliyegundua kwa ma-me-mi-mo-mu kwamba herufi ni sauti ameshapita mlango mgumu wa kusoma, na Kiswahili ni chepesi mno kwa kazi hiyo kwa vile tunaandika tunavyotamka. Kiingereza, tunakijua wenyewe kinavyotesa kwenye tahajia.

Kama ni Kiingereza cha kucheza na wenzake, darasa na uwanja vitampa. Kiswahili hakuna atakayempa huku ila nyinyi. Na kuna kiti cha tatu: kuanzia mwaka wa masomo wa 2025 mamlaka ya elimu ya Dubai, KHDA, imeanza kutaka Kiarabu kifundishwe kwa watoto wa awali pia katika shule binafsi. Kwa hiyo mtoto wako atakutana na lugha tatu hata ufanyeje. Utakayoifukuza itakuwa ile ya bibi yake, ambaye tayari anahangaika na Botim, programu ya kupiga simu kwa intaneti, kwa kuwa simu za WhatsApp huku hazipiti. Nimemwona bibi kwenye kioo cha simu akisema "mjukuu wangu, umekula nini?" na mjukuu akimgeukia mama atafsiriwe.

Je, mtoto anaweza kuwa na tatizo la kweli la lugha? Ndiyo, ila lugha mbili si chanzo chake. Tatizo la kweli hujitokeza katika lugha zote anazozisikia. Kama hana neno hata moja akiwa na miezi 16, haungi maneno mawili akiwa na miaka miwili, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke akapimwe masikio kwanza, kisha aonwe na mtaalamu wa usemi. Usisubiri kwa hoja ya "lugha nyingi, atachelewa tu". Hiyo ni dhana ileile, imevaa kanzu nyingine.

Unapotembelea shule, basi, uliza swali hili moja kabla hujauliza habari za bwawa la kuogelea: "Mtoto asiyejua neno la Kiingereza, siku yake ya kwanza mnamfanyia nini?" Shule nzuri itakujibu kwa vitendo: tuna picha za ratiba ukutani, tunajifunza maneno yake machache, anapewa mwenzake wa kumwongoza. Shule ikijibu "usijali, watoto hushika haraka", mimi ninajali.

Na siku ya kwanza peleka karatasi. Huu ndio ushauri ninaoupenda kupita yote, na wazazi wanaudharau. Andika maneno 20 ya Kiswahili anayotumia mtoto, yaandike jinsi yanavyotamkwa, na maana yake kwa Kiingereza pembeni: maji, mkojo, naumwa, basi, sitaki, njoo, wapi mama. Kuna mtoto wa Mombasa aliyeshinda asubuhi nzima akisema "mkojo, mkojo" katika shule moja ya bei kubwa. Hakuna aliyemwelewa, akajilowesha, na jioni mama akapewa barua kwamba mtoto hajafunzwa kutumia choo. Alikuwa amefunzwa tangu ana miaka miwili. Neno moja kwenye karatasi lingemwepusha na aibu hiyo.

"Imeandikwa 'international', kwa hiyo imekaguliwa"

Neno hilo ni rangi ya ukutani. Leseni ni kitu kimoja, daraja la ukaguzi ni kitu kingine. KHDA huchapisha mtandaoni ripoti za ukaguzi wa shule, na madaraja yake huanzia bora kabisa hadi dhaifu sana. Soma ripoti yenyewe, sehemu inayohusu madarasa ya awali, na utazame ni ya mwaka gani. Shule inaweza kung'ara sekondari huku chini kwa wadogo ikisuasua.

"Montessori" nalo, jina la mbinu ya kufundisha watoto wadogo, si la mtu yeyote kulimiliki. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma tarehe 6 Januari 1907. Leo yeyote mwenye rafu ya mbao na shanga anaweza kulipachika mlangoni. Uliza kama watoto wa miaka mitatu hadi sita wanakaa pamoja, kama wana muda mrefu wa kazi usiokatizwa, na walimu wamesomea wapi. Kwa IB (mtaala wa kimataifa wa International Baccalaureate), tofautisha shule iliyoidhinishwa na iliyo bado mgombea. Shirika lenyewe lina orodha mtandaoni. Dakika mbili zinatosha.

"Ya ghali ndiyo nzuri"

Ada inalipia kiwanja, jengo na jina kabla haijamfikia mwalimu. Uliza mwalimu wa darasa hilo ana miaka mingapi hapo, na aliyemtangulia aliondoka lini. Mtoto aliyekwishahama nchi hahitaji walimu watatu ndani ya mwaka. Uliza pia idadi ya watoto kwa kila mtu mzima. Shule ikikwambia inafuata utaratibu wa Uingereza, kule Uingereza yenyewe watoto wa miaka miwili hawazidi watano kwa mtu mzima mmoja. Kisha omba kuona choo. Si ofisi ya mkuu, choo cha watoto, saa nne asubuhi. Mengine utayasoma humo.

"Ni mtaala uleule, akirudi nyumbani ataendelea alipoishia"

Mfumo wa Uingereza una madarasa ya awali, FS1 kwa miaka mitatu na FS2 kwa minne, na Year 1, yaani darasa la kwanza, mtoto ana mitano. Wa Marekani humwingiza KG1 (chekechea ya kwanza) akiwa na minne na Grade 1 akiwa na sita. Shule nyingi za mtaala wa India hapa huanza mwaka mwezi wa nne, nyingine Agosti au Septemba. Kenya, PP1 (awali ya kwanza) ni minne na Grade 1 ni sita. Tanzania darasa la kwanza ni sita. Kwa hiyo "amemaliza Year 1" haina maana mtoto wako ni mwerevu kuliko binamu zake wa Morogoro. Kama mkataba wa kazi ni wa miaka miwili, chagua ukiwa umeshajua atarudi darasa gani, na utunze ripoti zake zote.

"Shule hii wanacheza tu, ile nyingine wana madaftari"

Wazazi wa kwetu hili wananikera nalo na wanajua. Mtoto wa miaka mitatu anayejaza kurasa za herufi A hajifunzi kusoma, anajifunza kukaa kimya. Kupepeta unga, kumimina maji, kupanga mawe makubwa kwa madogo: humo mna hesabu na mna vidole vitakavyoshika kalamu baadaye. Mkidai madaftari, shule itawapa, kwa sababu nyinyi ndio mnaolipa.

"Akizubaa, mtoroke, asilie"

Usimtoroke. Mtoto aliyehamishwa nyumba, bibi na marafiki kwa wakati mmoja, kisha akageuka akakuta na mama hayupo, kesho atakung'ang'ania mara mbili. Muage. Mwambie utarudi baada ya nini, siyo saa ngapi: "baada ya chakula na hadithi". Atalia, na wewe utalia kwenye gari. Busu moja, neno lilelile la kila siku, uondoke. Ukikuta umesahau kumwachia kibeseni chake cha chakula, mpe mlinzi getini; darasani usirudi.