Tahadhari ipi ishughulikiwe kwanza?

Swali ninaloulizwa sana na wenye hoteli na maduka hapa Malindi ni hili: tahadhari za usalama wa kompyuta zikimiminika kwenye skrini, nianze na ipi? Wengi hufuata rangi. Nyekundu huikimbilia, ya njano ikangoja. Mimi siafiki kabisa.

Rangi hutokana na kiwango kilichopangwa na programu iliyotuma ujumbe. Katika syslog, ambayo ruta na seva nyingi huitumia kutuma logi zake, yaani kumbukumbu za matukio, viwango ni 8, kuanzia 0, kilicho kikali kuliko vyote, hadi 7. Lakini ruta haijui kama kompyuta inayolalamika ni ya mhasibu au ni ile ya kupigia muziki baa. Anayejua ni wewe. Kwa hiyo kabla ya kununua programu yoyote, kaa na meneja mwandike: ipi ina taarifa za wageni, ipi inalipa mishahara, ipi ikizimika kazi haikwami.

Halafu saa. Hili watu hulidharau, nalo huharibu kila kitu. Seva ikifuata UTC, saa ya kimataifa, na mapokezi wakifuata saa za Kenya, zinapishana saa 3. Tukio la mapokezi la 02:14, saa nane usiku, kwenye seva litasomeka 23:14 ya jana yake, nawe utadhani ni mambo mawili tofauti. Mashine zote zipate saa kutoka chanzo kimoja kwa NTP, njia ya kulinganisha saa kupitia mtandao.

Hapo sasa unaweza kuunganisha matukio. Chukua Windows, ambayo kila aina ya tukio huipa namba kwenye logi. Namba 4625 ni mtu aliyeshindwa kuingia. Likija moja asubuhi, zamu zinapobadilishana, yaelekea mtu kasahau nywila, lipite. Lakini tuseme 4625 zinafuatana mapokezi, kisha 4624, yaani ameingia. Punde, kwenye seva ya uhasibu, 4720: akaunti mpya imefunguliwa. Kisha 1102: logi za usalama zimefutwa. Kila moja kivyake laweza kuwa na maelezo ya kawaida. Yakifuatana hivyo, acha shughuli nyingine zote. Chomoa waya wa mtandao, ila mashine usiizime, kwa sababu ukiizima, yaliyomo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, yatapotea pamoja na ushahidi.

Hiyo 1102 ndiyo inayonifanya nisisitize kila logi itumwe papo hapo kwenye mashine nyingine. Mdukuzi akifuta za huku, nakala zinabaki kule.

Mimi kompyuta ya mapokezi huiweka juu kabisa, hata mbele ya seva ya barua pepe, kwa kuwa humo ndimo hukaa nakala za pasipoti za wageni. Na zikichukuliwa, kukiwa na hatari ya kweli kwa wenyewe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaipa hoteli saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data, tangu ilipofahamu.