Asubuhi uko poa, jioni kope inaanguka: misuli inayochoka haraka ina tiba

Wengi wanaofika kliniki yetu hapa Dodoma wanakua washazunguka sana, mara kwa daktari wa macho, mara kwa wa meno, mara kwa mganga, maana asubuhi mtu yuko fresh kabisa afu ikifika saa kumi kope moja inashuka, anaona vitu viwili viwili, na nyama choma ya mnadani Msalato anaitafuna mpaka katikati taya linagoma. Huu unaitwa mayasthenia gravisi. Hajarogwa huyo, na stroki sio. Kinga ya mwili inashambulia pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, kwa hiyo amri haifiki vizuri, ukiutumia msuli unalegea ukipumzika unarudi.

Dawa ya kwanza ni piridostigimini, kidonge cha miligramu 60. Inaanza kazi ndani ya nusu saa hadi saa zima na baada ya saa 3 au 4 nguvu imeisha. Sasa watu wanaimeza baada ya kula kama panadol! Kama shida yako ni kutafuna na kumeza, imeze kama nusu saa kabla, ugali ukifika mezani dawa iko kazini. Tumbo likikata au ukiharisha usiache kimya kimya, njoo turekebishe dozi.

Hiyo inapunguza dalili tu. Kuituliza kinga yenyewe tunatumia prednisoloni, ambayo siku za mwanzo inaweza hata kuongeza udhaifu na haiachwi ghafla, na azathioprini inayochukua miezi, so usikate tamaa wiki ya pili. Wengine tunawapiga CT (picha) ya kifua kuangalia tezi ya thaimasi, ile ya kinga iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na baadhi yao inatolewa.

Kinachoniumiza kichwa ni duka la dawa. Una UTI unapewa sipro (siprofloksasini), au unachomwa jenta (jentamaisini), au kwinini, au propranololo ya presha, zote hizi zinaweza kuzidisha udhaifu mpaka ulazwe hospitali. Andika jina la ugonjwa kwenye karatasi, tembea nalo, lioneshe kabla hujauziwa chochote. Na joto letu la Oktoba na Novemba linazidisha udhaifu, kazi nzito zifanye asubuhi.

Mgonjwa akianza kuongea puani, mate yanamjaa mdomoni, au hawezi kuhesabu mpaka 20 kwa pumzi moja, msimpe maji wala kidonge cha ziada, mleteni emajensi usiku huohuo.