Kumfunga mgonjwa kitandani hakumkingi na kuanguka

Ujumbe huu umezunguka miaka mingi kwenye magrupu ya familia, Dodoma mjini hadi Kondoa na Mpwapwa: bibi akilazwa, pandisheni vyuma vya kitanda pande zote, ikibidi mfungeni kwa khanga, hataanguka.

Si kweli. Mgonjwa aliyebanwa na mkojo usiku hasubiri. Huvipanda vyuma, na akidondoka anatoka juu zaidi; khanga nayo yaweza kumkaba. Kosa linaeleweka, maana vyuma vinafanana na uzio. Vina kazi yake, ila aamue muuguzi.

Wengi huanguka wakienda chooni: kizunguzungu cha dawa, sakafu iliyolowa, kandambili zilizolegea. Ndipo mhudumu wa afya anapofaa. Anapita, anauliza, "Bibi, twende chooni?" kabla hajabanwa, anashusha kitanda, anasogeza maji na fimbo karibu. Hamalizi hatari yote, na wodi ikijaa hawezi kuwa kila kitanda.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Muulize muuguzi wa wodi: mgonjwa wetu ana hatari ya kuanguka? Usiku nani atamsindikiza?