Chumba cha kazi: kazi ikiisha, ufunguo wa nani?

Zunguka uani kwenye nyumba nyingi za kupangisha Tabora mjini, utakuta kachumba kamoja karibu na tanki la maji: kitanda cha futi tatu na nusu, jiko la mkaa mlangoni, tochi imetundikwa kwenye msumari. Hicho ndicho chumba cha kazi. Anakaa mlinzi au mtunza nyumba, kodi halipi, amepewa ili awe karibu na geti.

Jirani yake ni mpangaji, ana mkataba wa pango. Mlinzi ana mkataba wa ajira, na chumba kimo humo ndani. Ajira ikikoma kihalali, haki ya kulala pale nayo inakwisha. Hilo wenye nyumba wanalijua vizuri. Wanaloliruka ni neno "kihalali".

"Jioni nisikukute hapa" si notisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya maandishi yenye sababu: siku zisizopungua 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, 4 kwa wa kutwa au wa wiki, na 7 kwa aliye ndani ya mwezi wake wa kwanza. Mwajiri anaweza kulipa fedha badala ya notisi, lakini alipe kweli, siyo kubadilisha kufuli halafu aseme "tutaongea".

Ugomvi mkubwa, kwa maoni yangu, ungekuwa wa nauli kuliko chumba. Mlinzi aliyechukuliwa Kasulu akaja kulinda Tabora, kazi ikakatishiwa Tabora, mwajiri anapaswa kumrudisha yeye na mizigo yake au kumlipa gharama hizo, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Kwa hiyo bosi anayetaka chumba leo huku nauli anaikalia, deni linakua kila kukicha. Aliyeajiriwa hapohapo Tabora dai hili hana, ndiyo maana ni muhimu kujua mtu alichukuliwa wapi. Mkataba wa maandishi mara nyingi haupo. Basi tunza hata meseji ya "panda basi kesho, nauli nimetuma".

Anayeona ameachishwa kwa uonevu ana siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimalizia kwa mwenyekiti wa mtaa, wakidai godoro lililofungiwa ndani.