Pampu ya oili haina kosa, nusa kijiti kwanza

Wiki hii tena. Jamaa kaniandikia kwamba taa ya oili kwenye gari yake ya kabureta (kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa) inawaka akisimama, injini ikishapata moto. Fundi wake kabadilisha pampu ya oili, taa ikawaka, akabadilisha tena pampu ya oili (ndiyo, mara ya pili), taa bado inawaka, sasa wanataka kushusha injini waweke beringi mpya. Nikamuuliza swali moja tu, kijiti cha kupimia oili kinasoma wapi? Akajibu kwa fahari kabisa kwamba oili haijawahi kupungua, tena imepita alama ya juu kidogo, gari haili oili hata tone.

Ndugu yangu. Injini haizai oili.

Nitafika kwenye hiyo oili inayozaliana, ila kwanza niongelee imani inayonikera kuliko zote, kwamba presha inatengenezwa na pampu kwa hiyo presha ikishuka pampu imekufa. Pampu inasukuma oili, kazi yake inaishia hapo. Chukua pampu ya baiskeli upampu hewani bila tairi, utatoka jasho mpaka jioni na presha hutaiona, na pampu ni nzima, hewa tu haina pa kubanwa. Kwenye injini kinachobana oili ni ule uwazi kati ya kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na beringi zake, kwenye injini nyingi za zamani zikiwa mpya unaongelea mm 0.025 mpaka 0.075 hivi. Na hapa ndipo watu hawaoni ukali wa hesabu: oili inayovuja kwenye uwazi mwembamba namna hiyo inapanda kwa kipeo cha tatu, yaani uwazi ukiwa mara mbili kinachovuja ni mara nane. Mara nane! Sasa pampu mpya itabana nini kwenye sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), wakati inazunguka polepole na huko mbele milango yote iko wazi? Ongeza na moto, oili inakuwa nyepesi, inavuja zaidi. Ndio maana injini iliyochoka asubuhi mshale wa geji ya presha unasimama juu kama gari ya mwaka huu, mchana ukikaa kwenye foleni mshale unalala.

Sisemi pampu haifi. Inameza oili kabla haijapita kwenye filta kwa hiyo kila chembe ya chuma inapita kwake kwanza, na meno yanachimbika. Lakini hiyo inapimwa, unaweka rula ya chuma juu ya pampu unaingiza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi) chini yake, ikizidi mm 0.1 na kidogo hapo anza kuitilia shaka, angalia kitabu cha injini yako. Dakika kumi. Hakuna anayepima, wote wanabadilisha.

Halafu kuna wale wa washa, kile kipete cha chuma. Nikisikia mtu anasema "niliweka washa nyuma ya springi ya vavu ya presha, sasa iko poa" natamani kumnyang'anya spana. Ile vavu kazi yake ni kuzuia presha isizidi, springi inashikilia plunja (kipistoni kidogo), presha ikifika kiwango cha juu labda psi 60 (psi ni kipimo cha presha), plunja inarudi nyuma na oili iliyozidi inarudishwa kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Kwenye sailensa una psi 8 na moto, vavu imefunga kabisa, imelala, haina habari na wewe. Ukiikaza springi unachobadilisha ni kule juu tu, kwenye resi (ukikanyaga mafuta), yaani asubuhi oili ikiwa ya baridi na nzito unaipiga filta kwa presha ambayo haikutengenezewa, nimeshaona filta imevimba kama mpira. Na kule chini ulikokuwa na tatizo hujagusa kitu. Kuna kesi moja tu ambapo vavu inaangusha presha kwenye sailensa, nayo ni plunja ikikwama wazi, kachembe ka chuma au kipande cha silikoni ya gasketi kimeingia. Hapo hata resi haikusaidii sana, mshale uko chini muda wote. Unaifungua, unaisafisha, unaangalia kama imechubuka, unarudisha. Bila washa.

Geji nayo inadanganya. Taa kwenye dashibodi inawashwa na kiswichi kinachofunga kwenye bar 0.3 mpaka 0.5 hivi (psi 4 mpaka 7), juu ya hapo haikuambii lolote, unaweza kuwa na psi 9 kwenye spidi ya barabara kuu na taa imezima kwa amani kabisa huku injini inajiandaa kunoki. Na kiswichi chenyewe kikichoka kinakuwashia taa bure. Geji ya umeme ndiyo usiseme, asi (waya unaofungwa kwenye bodi) ikilegea mshale unacheza ngoma yake. Chomoa kiswichi, funga geji ya mkono pale pale, ile ya mrija, washa injini, iache ipate moto wa kweli, dakika ishirini sio mbili, ndio uanze kuongea. Ukishakuwa na namba za kweli injini inajieleza yenyewe: chini kwenye sailensa ya moto lakini resi inapanda vizuri, hiyo ni uwazi au oili nyepesi. Nzuri kwenye sailensa ila ukikaza spidi inashuka, hiyo pampu inakosa cha kunywa, fungua sampu uangalie chujio, mara nyingi limezibwa na silikoni au vipande vya mipira ya vavu za injini. Juu sana muda wote, plunja imekwama imefunga au njia imeziba.

Oili nzito, nitaisema kwa haraka. Ukimimina oili nzito zaidi mshale unapanda, ndiyo, kwa sababu inapita kwa shida. Inapita kwa shida hata kule ulikotaka ifike haraka, juu kwenye vavu za injini asubuhi. 20W-50 (aina ya oili nzito) kwenye injini iliyotengenezewa 20W-50 sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuitumia kama dawa ya maumivu halafu unasema umepona.

Sasa turudi kwa jamaa na oili yake inayozaliana. Gari ya kabureta yenye pampu ya petroli ya kusukumwa na injini, ile iliyofungwa ubavuni mwa bloku, ina mkono unaoingia ndani mpaka kwenye kamshafti (shafti inayofungua vavu za injini). Mkono unavuta diaframu (utando wa mpira), petroli inaingia, kisha springi ndiyo inairudisha diaframu na kusukuma petroli kwenda kwenye kabureta. Kabureta ikijaa, diaframu inabaki imevutwa, mkono unacheza bure. Kwa hiyo huku presha inawekwa na springi, injini ikizunguka kasi au polepole. Sasa angalia hiyo diaframu iko wapi: upande mmoja petroli, upande wa pili ndani ya injini. Ikitoboka, petroli inashuka kwenye sampu. Pampu nyingi zina kitundu chini ili petroli itoke nje uione, ila kitundu kikizibwa na tope la miaka arobaini, au pampu ikiwa haina kitundu, yote inaingia kwenye oili kimya kimya. Diaframu za mpira wa zamani hazipatani na petroli yenye ethanoli, zinakakamaa na kupasuka, na pampu iliyokaa kwenye rafu ya duka miaka thelathini ndani ya boksi lake haihesabiki kuwa mpya kwa sababu tu haijafungwa. Kwenye Volkswagen Beetle kuna mtego mwingine, pampu inasukumwa na kifimbo, na unene wa gasketi chini ya pampu ndio unaoamua kifimbo kinasukuma kiasi gani. Fundi akiweka gasketi moja pale palipotakiwa mbili, kifimbo kinausukuma mkono kupita kiasi na diaframu inapasuliwa. Pampu mpya, mwezi mmoja.

Petroli kwenye oili inaiyeyusha, oili inakuwa maji, na maji yanapita kwenye beringi kama hakuna beringi. Presha chini. Taa. "Pampu ya oili."

Kwa hiyo chomoa kijiti ukinuse. Dondosha tone kwenye karatasi, oili yenye petroli inasambaa haraka na kuacha duara pana jepesi pembeni. Usijaribu na kiberiti, nasema kwa sababu nimeulizwa. Na kama inanuka usiwashe injini tena hata kuisogeza kivulini, beringi hazina ulinzi na kwenye sampu una mvuke wa petroli.

Ila sio lazima iwe diaframu, na hapa inanihusu mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma niliona ufumbuzi wa kila pampu ya petroli ni kutoa ya zamani na kuweka ya umeme. Gari moja ndogo ya michezo ya miaka ya sitini, kabureta mbili za SU (kampuni ya Uingereza ya kabureta na pampu), nikaweka pampu ya umeme ya psi 7. SU zinataka psi 1.5 mpaka 3 hivi. Sindano ya kabureta inayozuia petroli haikuweza kufunga, petroli ikamwagika ndani, ikaosha kuta za silinda, ikashuka kwenye sampu, baada ya wiki tatu mwenye gari karudi akilalamika taa ya oili. Na mimi bila aibu nikaanza kuongelea beringi. Nilinusa kijiti siku ya pili. Ukiweka ya umeme weka regyuleta ya kupunguza presha, ifunge karibu na tangi na chini yake kwa sababu zinasukuma vizuri kuliko kuvuta, na iwe na swichi ya kuikata ukipata ajali. Wengine wanatumia swichi ya presha ya oili kuikata, injini ikizima presha inaisha na pampu inasimama. Nzuri, ila sasa kiswichi kikifa gari inazima njiani na pampu isiyo na kosa inabadilishwa, mduara umerudi tulipoanza.

Na pampu za petroli zinasingiziwa vile vile. Gari inakwenda nusu saa inakufa, unasubiri, inawaka, inakwenda, inakufa: kabla ya spana fungua mfuniko wa tangi, ukisikia inavuta hewa "fuuu" mfuniko umeziba tundu lake na pampu ilikuwa inapigana na tangi. Au mrija wa kutoka tangini una kitobo upande wa kuvuta, hautaona tone likidondoka kwa sababu hautoi petroli, unaingiza hewa. Mpira uliopasuka nyuzi, kwa macho mzima. Pampu ya SU ya umeme kwenye hali hiyo inagonga tiktiktik bila kupumzika, hata injini imezima. Isipogonga kabisa, pointi zake za umeme zimechoka, kofi la spana linaiamsha na wewe unafika nyumbani. Kupima pampu ni kuchomoa mrija kwenye kabureta, kuuweka kwenye chupa isiyo ya kioo, kuchomoa waya wa koili ili injini isiwake, na kupiga stata. Inatakiwa itoke kwa mapigo yenye nguvu, bila mapovu. Mapovu ni hewa.

Kuhusu ile kanuni ya wakongwe ya psi 10 kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika, naitumia lakini sijawahi kuiamini sawasawa. Nina gari niliyoiacha na psi 10 sailensa ya moto, inadunda mwaka wa sita, na nimeshika injini iliyonoki huku geji ya mkono ilikuwa inasoma 40 wiki iliyopita. Presha inakuambia kwamba oili inabanwa mahali fulani, haikuambii kama imefika kwenye beringi namba nne. Mtu akiniuliza psi ngapi ndio salama namjibu, na usiku nawaza kama nimemjibu vizuri.

Jamaa alinusa. Alinitumia ujumbe wa neno moja, "petroli". Diaframu ilikuwa na mpasuko wa kucha. Alimwaga oili ikatoka kama chai, akaweka oili mpya na filta mpya, pampu ya petroli mpya, akaendesha siku mbili akamwaga tena. Sasa sailensa ya moto geji ya mkono inasoma 18. Ile pampu ya oili ya kwanza kabisa, iliyokuja na gari, ilikuwa bado kwenye boksi la vyuma chakavu, nikamwambia aipime kwa fila geji. Mm 0.06.