Saa ya daktari wa usingizi, na kwa nini ankara ya upasuaji haifanani na ulichoambiwa

Mama mmoja alirudi kliniki wiki 3 baada ya kutolewa mfuko wa nyongo. Kidonda kilikuwa kimepona vizuri. Kilichomleta ni karatasi aliyoikunja mara nne mkobani. "Daktari," akaniambia, "wewe nilikuona dakika 5 tu kabla sijalala. Mpasuaji alisema kazi yake ni ya saa moja. Hapa umeandikiwa saa 2 na dakika 20. Ulikuwa unafanya nini?"

Nilimvutia kiti. Mimi ni daktari wa usingizi, na wagonjwa wengi hulikuta jina langu kwenye ankara wasikumbuke hata sura yangu. Nimezoea.

Saa yangu haisubiri kisu kiguse ngozi. Inaanza ninapoanza kukuandaa: kutafuta mshipa, kufunga vipimo vya presha na oksijeni, kutoa dawa, kuingiza mpira wa kupumulia. Inaisha ninapokukabidhi kwa muuguzi wa chumba cha kuzindukia, nikiwa nimeridhika kwamba unapumua mwenyewe bila shida. Ndani ya muda huo mpasuaji ana saa yake, fupi zaidi, tangu anapopasua hadi anapofunga. Chumba cha upasuaji nacho kina saa yake, na mara nyingi huhesabiwa tangu kitanda chako kinapoingia mlangoni hadi kinapotoka. Tukio moja, saa za watu watatu, na wote wanasema kweli. Ndiyo maana ukiambiwa "ni ya saa moja", uliza ni saa ya nani.

Kuna mifumo inayonilipa kwa vipimo, yaani vizio vya kuhesabia malipo, badala ya kiasi kimoja cha jumla. Ule wa Marekani, kwa mfano, huipa kila aina ya upasuaji vipimo vya kuanzia kulingana na ugumu wake. Kutoa mfuko wa nyongo kwa tundu ndogo huanza na vipimo 7, kisha kila dakika 15 huongeza kipimo kimoja. Saa 2 ni vipimo 8, jumla 15, halafu unazidisha kwa bei ya kipimo. Kwa hiyo upasuaji ukichelewa nusu saa kwa sababu tumbo lina makovu ya zamani, ada yangu inapanda, ingawa ya mpasuaji huenda isiguswe kabisa kwa kuwa yeye hulipwa kwa kazi, si kwa muda.

Jambo linalowashangaza watu kuliko yote ni kwamba waliomo chumbani si lazima wawe waajiriwa wa hospitali. Mpasuaji anaweza kuwa na kampuni yake, mimi na kundi langu, msaidizi wa mpasuaji na mkataba wake. Hospitali inakupa makadirio ya gharama zake yenyewe: chumba, kitanda, wauguzi, dawa. Mgonjwa huyasoma akidhani ndiyo yote. Kwa maoni yangu hospitali inayotoa makadirio bila kutaja waliobaki haijadanganya, lakini pia haijasaidia. Kabla ya kutia saini, waombe wakuorodheshee kila mtu atakayekuandikia ankara yake, na ufuate ada ya kila mmoja kwa maandishi. Msaidizi wa mpasuaji ndiye anayesahaulika zaidi.

Sasa vifaa. Kila kifaa cha upasuaji cha kutumia mara moja huja kimefungwa kikiwa kimetakaswa. Kikifunguliwa kimeshatumika, hata kisipogusa mwili wako, kwa sababu hakiwezi kurudishwa rafuni. Muuguzi huandika kila kilichofunguliwa: nyuzi, glavu, mirija, wavu wa kuzibia ngiri, pini za kushonea utumbo. Mashine moja ya kushonea utumbo inaweza kugharimu kuliko siku nzima ya wodi, na hutupwa baada ya mgonjwa mmoja. Kama unawekewa kipandikizi, goti au nyonga ya bandia, hicho ndicho kinaweza kuwa mstari mkubwa kuliko yote. Aghalabu kipo cha zaidi ya aina moja, na mpasuaji ana anachokipenda. Muulize kwa nini anakipenda. Jibu likiwa "nimekizoea", hiyo ni sababu nzuri ya kitabibu, kwa kweli, lakini ni vizuri uijue kabla ya kuilipia.

Wengine huniuliza kama kifurushi cha bei moja ni bora. Inategemea kinaishia wapi. Kifurushi kwa kawaida huhesabiwa kwa mgonjwa asiye na tatizo jingine, siku zilizopangwa, mambo yakienda sawa. Kisukari kisipotulia na ukabaki siku 2 zaidi, je? Upasuaji wa tundu ukigeuka wa kupasua tumbo, je? Ukirudishwa chumbani usiku kwa sababu ya damu? Hayo matatu yaulize kwa maneno hayohayo. Nimeona kifurushi cha bei ya juu kikiwa nafuu kwa sababu kilibeba hayo yote, na cha bei ya chini kikimwacha mtu na deni kwa sababu kilikoma saa sita usiku ya siku ya pili. Na amana unayoweka siku ya kulazwa si bei. Ni malipo ya awali tu.

Wenye bima huja wametulia zaidi, wakati mwingine mno. Kibali cha bima kinamaanisha wamekubali kwamba unahitaji upasuaji. Hakimaanishi watalipa kila kilichoandikwa. Tuseme ankara ni 10,000, fedha yoyote unayoitumia. Sera yako inakutaka ujilipie 1,000 za kwanza, kisha uchangie asilimia 20 ya kinachobaki. Unapiga hesabu: 1,000 na 1,800, jumla 2,800. Lakini bima inautambua upasuaji huo kwa 8,000 tu. Unalipa 1,000, asilimia 20 ya 7,000 ambayo ni 1,400, halafu zile 2,000 zisizotambuliwa zinaweza kukurudia zote kama daktari hana mkataba na bima yako. Jumla 4,400. Sera haijabadilika hata neno moja. Kwa hiyo usiulize tu "mnalipa asilimia ngapi?" Uliza asilimia ya kiasi gani, na kama kila aliye chumbani yumo kwenye orodha yao, mimi nikiwemo.

Ukishatoka, usitupe chochote bado. Kilichotolewa mwilini huenda maabara, hukaushwa, huwekwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi kabla ya kusomwa. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na ankara yake hufika wakati unadhani umemaliza. Omba ankara yenye mchanganuo, si ya jumla, na uipitie na mtu aliyekuwa akikutembelea wodini: siku za kitanda, dawa ulizokataa, kipimo kimoja kilichoandikwa mara mbili kwa sababu sampuli ya kwanza iliharibika.

Yule mama nilimpeleka kwenye faili lake. Tulifungua karatasi yangu ya usingizi, ile ninayoandika presha na mapigo kila dakika 5, tukahesabu visanduku pamoja. Vilikuwa 24, yaani saa 2 kamili. Zile dakika 20 zilitokana na mwandiko wangu: 10:20 niliyoandika ilisomwa 10:40. Tulirekebisha siku hiyohiyo. Tangu hapo naandika muda wa kumaliza kwa tarakimu na kwa maneno.