Kipimo cha EEG hakisomi mawazo
EEG ni kipimo kinachorekodi umeme wa ubongo. Daktari Hans Berger aliurekodi kwa binadamu mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani. Hadi leo wengi huamini kipimo hicho husoma mawazo, au hupiga kichwa shoti. Sivyo. Vipokezi vinavyobandikwa kichwani hupokea tu, havipeleki umeme.

Chukua mfano wa mzee aliyeanza kusahau kupita kawaida ya umri wake, ingawa bado anajipikia na kuhesabu chenji mwenyewe. Akiwa amebandikwa vipokezi hivyo, watafiti humsikilizisha mlio uleule tena na tena, kisha ghafla mlio tofauti. Ubongo ukiugundua, wimbi la umeme huinuka baada ya takriban milisekunde 300. Kwa wenye usahaulifu kama wa mzee huyu, mara nyingi wimbi hilo huchelewa kidogo. Hapo kinachopimwa ni umakini. Siri za moyoni hazionekani, na wimbi hilo peke yake halithibitishi Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu.